Funza: Kiroboto Aliyevuka Afrika Miguuni mwa Watu

Neno funza ni la kale zaidi katika Kiswahili kuliko mdudu ambaye wasemaji wengi wa leo humfikiria wanapolisikia. Maana yake ya asili ni buu, yaani kile kiwavi cheupe kinachokutwa ndani ya nyama iliyooza au katika gunzi la hindi bichi, na maana hiyo ingali hai kila mahali ambapo mkulima husema kwamba mahindi yake yameingia funza. Funza wa pili, kiroboto anayejichimbia katika vidole vya mguu, hakujulikana Afrika ya Mashariki kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, na yaelekea alipewa jina la buu kwa sababu kinachotoka kidoleni anapochokolewa ni kifuko cheupe, laini na kilichojaa, ambacho hakuna anayeweza kukitazama akakumbuka kiroboto. Mahali pengine aliitwa tekenya, jina lisiloweza kutenganishwa na kitenzi kutekenya, kwa kuwa dalili yake ya kwanza ni mnyeo unaokaribia kuwa wa kupendeza. Waganda humwita envunza, Wanyarwanda na Warundi humwita imvunja, ilhali Wachewa wa Malawi humwita matekenya. Na iwe mizizi ya pamoja ya Kibantu ilipewa maana mpya, iwe misafara ilibeba jina pamoja na mdudu mwenyewe, mgawanyiko huo wa majina kati ya nchi za maziwa na nchi za kusini unastahili kusomwa kama kumbukumbu ya njia.

Mdudu huyo huitwa kitaalamu Tunga penetrans. Sehemu ya kwanza ya jina imetokana na lugha ya Kitupi ya Brazili, na ya pili ni Kilatini chenye maana ya apenyaye, nayo alipewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Ni mmoja wa arithropodi, kundi kubwa la viumbe wasio na uti wa mgongo ambao miguu yao ina viungo na ambao mwili wao umefunikwa na gamba gumu la nje linalofanya kazi ya mifupa. Ndani ya kundi hilo ni mdudu halisi, kwa maana ana miguu sita na mwili uliogawanyika katika kichwa, kifua na fumbatio, yaani tumbo. Kama viroboto wote hana mbawa, bali ana miguu ya nyuma ya kurukia. Hata hivyo kati ya viroboto yeye ni mdogo kuliko wote, kwa kuwa urefu wake haufiki hata milimita moja na nusu, na ni mrukaji dhaifu asiyepanda zaidi ya sentimita ishirini hivi kutoka ardhini, jambo linaloeleza kwa nini makao yake ni nyayo, visigino na hasa pembezoni mwa kucha, wala si mabega.

Dume na jike wote hunyonya damu, lakini ni jike pekee anayepenya. Huingia kwa kichwa, akakata ngozi ya juu na kuzama mpaka kinywa chake kifikie mishipa midogo ya damu, huku akiiacha ncha ya nyuma ya mwili wake usawa na ngozi ili apitishe pumzi, kinyesi na mayai. Dume naye humfuata hapo hapo alipozama na kumpandia kupitia tundu hilo hilo. Katika hatua hiyo hutokea jambo ambalo ni nadra kwa arithropodi. Kwa kawaida gamba la nje haliruhusu mwili kukua, kwa hiyo mdudu hulazimika kulivua na kuota jingine kubwa zaidi, na akishafikia utu uzima hukoma kuvua na kukoma kukua. Jike wa funza, aliye mtu mzima tayari, huota gamba jipya laini kati ya pingili za fumbatio lake pasipo kuvua la zamani, hali ambayo wataalamu huiita neosomi, na katika muda wa wiki moja hivi huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya choroko na pengine njegere, ujazo wake ukiwa umeongezeka zaidi ya mara elfu mbili. Anayetazama kidole wakati huo huona uvimbe mweupe wa mviringo wenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ndiyo mkia wa mdudu, na humo hutoka yai moja baada ya jingine, mia moja na zaidi kwa jumla, mpaka jike afe palepale bila kutoka tena.

Mayai huanguka chini, na hapo ndipo nusu ya pili ya maisha yake inapoanzia, nusu ambayo wengi husahau kwa kuwa haiumi. Lava wanaoanguliwa hujificha katika vumbi kavu lenye kivuli, wakila takataka za viumbe hai, kisha hujifuma kifuko kinachonata chembe za mchanga, wakakaa humo kama pupa hadi watoke wakiwa viroboto kamili, safari inayochukua wiki tatu au nne. Sakafu ya udongo isiyokandikwa, zizi, banda la nguruwe na kambi ya wasafiri wanaolala chini usiku baada ya usiku ni makao yaliyo kamili kwa lava wa aina hiyo, na makao hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuja kuamua historia yake barani Afrika.

Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini pamoja na visiwa vya Karibi. Wahispania waliofika huko mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa ile ya 16 walipoteza vidole kwa kutomjua; mwandishi wao Gonzalo Fernández de Oviedo alimwandika mwaka 1526, na Mjerumani Hans Staden, aliyekuwa mateka wa Watupi, alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1557. Kinachoshangaza ni kwamba meli zilienda na kurudi kati ya Brazili na Angola kwa zaidi ya karne tatu, zikisafirisha watumwa kwa idadi isiyo na mfano, na bado funza hakujikita Afrika katika muda wote huo; lipo dokezo kwamba alifika pwani ya magharibi zaidi ya mara moja, lakini hakuenea. Biashara ile ya kuvusha watumwa baharini ilipokuwa imekwisha ndipo alipopata mlango. Mwezi Septemba 1872 meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitia nanga Ambriz, kaskazini mwa Angola, ikitoka Rio de Janeiro, na mabaharia wake walikuwa na funza miguuni. Inaelezwa pia kwamba meli hiyo ilibeba mchanga wa farumi, yaani uzito unaowekwa ngamani ili chombo kisichokuwa na shehena kisiyumbe, na kwamba mchanga huo ulimwagwa ufukweni. Haijalishi sana kama ni mchanga au ni miguu. Vyote viwili vinatosha, kwa kuwa mmoja hubeba pupa na mwingine hubeba mama yao.

Kutoka Ambriz funza aliifuata pwani, kisha mto Kongo. Dola Huru ya Kongo, iliyotambuliwa mwaka 1885, ilikuwa dola ya vituo, mashua za moshi na wapagazi waliosukumwa kutoka kambi hadi kambi, na kila kambi ilikuwa na vumbi lake. Upande wa mashariki njia nyingine zilikuwa tayari zimefunguliwa na wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Unguja, Tabora na Ujiji, ambao miji yao ya Nyangwe na Kasongo iliunganisha bonde la Kongo na Bahari ya Hindi kwa mlolongo wa vituo vya kulala. Magonjwa mengi ya karne hiyo yalikuwa yamepanda njia hizo kutoka pwani kwenda bara, na kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 ndicho mfano unaojulikana zaidi. Funza aliifuata njia hiyo kinyumenyume. Alishuka nayo kutoka bara kwenda pwani, na kwa sababu hiyo watu wa pwani, waliozoea kuyaona maradhi yakishuka kutoka vyomboni, safari hii waliletewa na wenyeji wao wenyewe waliokuwa wakirudi nyumbani.

Hakuna msafara unaoonyesha jambo hilo vizuri kuliko ule wa mvumbuzi Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan. Mwezi Februari 1887 Wazanzibari zaidi ya 600 walipakiwa katika meli Unguja, pamoja na mfanyabiashara wa pembe za ndovu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, na watu wake, wakazungushwa kusini mwa Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo, na kutoka huko walisafiri kupitia msitu wa Ituri na Ziwa Albert hadi wale waliosalimika walipoingia Bagamoyo mwezi Desemba 1889. Waliondoka kwao kwa bahari, wakarudi kwa nyayo kupitia nchi ambazo funza alikuwa akizipitia katika miaka hiyo hiyo. Waandishi wengi wamependa kumbebesha Stanley peke yake lawama ya kumvusha mdudu huyo bara zima, nayo ni hukumu nyepesi mno, kwa kuwa mdudu anayeishi sakafuni hahitaji msafara mmoja mashuhuri bali misafara mia isiyo na jina inayolala katika kibanda kimoja. Lakini kwamba msafara ule ulikuwa mmojawapo wa wabebaji ni jambo linaloaminika.

Miaka ya mwanzo ya 1890 funza alikuwa ameshafika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Mvumbuzi Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliwakuta Wazinza wakiwa na njaa huku mazao yakiwa shambani, kwa sababu waliokuwa na wajibu wa kuyavuna hawakuweza kusimama. Picha hiyo yafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu mwenye funza kumi hutembea kwa visigino; funza wakiingia visiginoni, hutembea kwa pembeni mwa wayo; na wakizidi, hutambaa. Vidonda vinapochafuka huingiwa na usaha, kucha hung'oka, kidole huoza kwa donda ndugu, na wengine hufa kwa pepopunda ambayo vijidudu vyake hukaa katika udongo ule ule. Yote hayo yaliwapata watu ambao katika miaka hiyo hiyo walikuwa wakizikwa na ndui na kupoteza ng'ombe wao kwa sotoka, kwa hiyo si rahisi kwa mwanahistoria kutenga idadi ya waliouawa na kiroboto peke yake.

Ilipokaribia mwisho wa karne funza alikuwa Unguja na katika miji ya mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja, akiwa amevuka zaidi ya kilomita 2,800 za nchi kavu katika muda wa miaka 25 hivi, yeye ambaye kwa miguu yake mwenyewe hawezi kuruka juu ya kiti. Bahari nayo haikumzuia: mwaka 1899 alionekana Bombay na Karachi, akiwa ameletwa na Wahindi waliorudi kutoka Afrika ya Mashariki, ingawa huko hakuota mizizi.

Ukali wa mapigo ya kwanza ulitokana hasa na kutojua. Mahali alipokwisha kukaa kwa kizazi kimoja, watu walijifunza ufundi ambao baadaye ulikuja kuonekana kama wa tangu enzi: mwiba wa mlimau au wa mchongoma, na baadaye sindano na pini, huzungushwa polepole kandokando ya ile nukta nyeusi ili ngozi ifunguke kama kifuniko, kisha kifuko huinuliwa kikiwa kizima, kwani kikipasuka mabaki yake hubaki kuchafua jeraha, tundu hujazwa majivu, tumbaku iliyotafunwa au mafuta ya taa, na mdudu mwenyewe hutupwa motoni, si chini, kwa kuwa mayai yake yangali hai. Kazi hiyo huwataka watu wawili, mmoja akiwa na macho makali na mwingine akiwa na subira, na katika nyumba nyingi ilikuwa ya jioni, ya mama na watoto au ya dada na wadogo zake. Mzee asiye na wa kumchokolea ndiye aliyeumia zaidi, na ndivyo ilivyo hata sasa. Sindano moja iliyopita katika miguu ya watu wengi iliongeza hatari nyingine, ile ya kupitisha maradhi ya damu, lakini hatari hiyo ilitambuliwa baadaye sana.

Ufundi wa pili ulihusu sakafu. Kukandika nyumba kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kazi iliyokuwapo tangu zamani kwa sababu nyingine, kulikuwa na faida isiyotarajiwa ya kuziba vumbi ambamo lava huishi. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia kulifanya kazi hiyo hiyo. Serikali za kikoloni, shule na misheni zilipenda zaidi kukagua miguu kuliko sakafu, na hapo ndipo funza alipogeuka kutoka maradhi ya njia kuu, yaliyompata kila apitaye akiwa tajiri au mpagazi, kuwa alama ya uchafu na aibu ya mtu binafsi. Viatu na saruji vilimwondoa mijini bila kampeni yoyote. Vijijini alibaki katika nyumba zile zile zisizo na saruji, na watoto waliochekwa shuleni kwa kuchechemea wakawa wanaficha miguu badala ya kuionyesha.

Tiba iliyojaribiwa nchini Kenya katika muongo wa 2010 ilirudi kwenye ile nukta nyeusi. Dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni, hudondoshwa juu ya uvimbe, yakapenya katika tundu ambalo jike ameliacha wazi na kuziba njia yake ya hewa, naye hufa ndani ya siku chache bila mwiba wala sindano, kisha ngozi inapojiondoa kwa kawaida yake humtoa pamoja nayo. Mayai yaliyokwisha kuanguka hayaguswi na mafuta hayo; hubaki sakafuni, ambako lava wake wanaendelea kukua katika vumbi chini ya kitanda.