Seli Shina kwa Kiharusi: Glasgow, India na Japani

Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5, na wagonjwa wengi hufika hospitali muda huo umeshapita. Ndiyo maana seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zimetazamiwa kwa hamu kubwa. Nchi zilizozijaribu, hata hivyo, hazikubaliani juu ya jambo moja zito: ushahidi kiasi gani unatosha kabla mgonjwa hajatozwa fedha?

Waingereza waliingia kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Kuanzia 2010, timu ya Profesa Keith Muir huko Glasgow iliwachukua wanaume 11 wenye miaka 60 na kuendelea, ambao kiharusi kiliwapata miezi au miaka kadhaa nyuma. Kila mmoja alitobolewa tundu dogo kwenye fuvu, sindano ikapitishwa hadi ndani kabisa ya ubongo, seli zikaachwa humo. Wa kwanza walipewa milioni 2. Wa mwisho milioni 20. Walichotaka kujua kwanza ni kama seli zingewadhuru, na hazikuonekana kuwadhuru. Baadhi walipata nafuu kidogo. Lakini kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, hakuna aliyeweza kusema nafuu hiyo ililetwa na nini.

India walithubutu kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalihusu wagonjwa 120 katika hospitali tano: nusu walirudishiwa kwa mshipa seli za uboho wao wenyewe, nusu hawakupewa. Baada ya miezi sita, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwangu mimi huu ni utafiti wa kishujaa, maana ulifanyika katika nchi ambamo kliniki binafsi zilikuwa zikiuza tiba hiyohiyo kama jambo lililokwisha thibitika.

Japani wana njia yao. Sheria yao ya 2014 inaruhusu tiba ya seli iuzwe kwa masharti, kwa muda usiozidi miaka saba, ikionekana salama na yenye dalili ya kufaa, huku ushahidi ukiendelea kukusanywa. Kwa njia hiyo, 2018 waliidhinisha tiba ya majeraha ya uti wa mgongo baada ya kuijaribu kwa watu 13 tu, bila kundi la kulinganisha. Naielewa huruma iliyo nyuma ya sheria hiyo, ila siikubali. Anayelipia tiba kwa matumaini hawezi tena kuwa shahidi mzuri wa kama imemfaa.

Ajabu ni kwamba kwa kiharusi Wajapani haohao walichagua njia ngumu zaidi. Wagonjwa 206 walitundikiwa dripu kati ya saa 18 na 36 baada ya kupatwa na kiharusi. Dripu ya wengine ilikuwa na seli, ya wengine haikuwa nazo. Seli za namna hii hazikusudiwi kuota ziwe ubongo mpya. Zikipitia mshipani, nyingi hunaswa mapafuni, na majaribio ya panya yanaonyesha kwamba kazi yake ni kutuliza seli za kinga zinazotoka kwenye wengu kwenda kuchochea uvimbe katika ubongo uliojeruhiwa. Wazo hilo lina mantiki, na bado naliamini. Lakini baada ya siku 90, waliopata nafuu kubwa hawakuwa wengi zaidi kwa kiwango cha maana upande wa seli kuliko upande wa pili.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki husafiri kwenda India kutibiwa. Ndugu msomaji, ukiambiwa uuze shamba ili mzee wako aliyepooza apelekwe kuwekewa seli shina, muulize anayekushawishi: waliopewa seli walilinganishwa na nani? Akikosa jibu, fedha hizo zilipie mazoezi ya viungo na dawa za presha.