Kura ya Mambo Kumi na Sita

Karatasi ilikuwa na mambo 16: elimu bora, maji safi, chakula cha bei nafuu, umeme wa uhakika nyumbani, barabara, simu na intaneti, na mengine. Swali lilikuwa moja: yapi sita ni muhimu zaidi kwako na kwa familia yako? Mtu aliweka alama, akajaza jinsia, umri, elimu na nchi yake, akairudisha.

Kura hiyo iliitwa MY World. Umoja wa Mataifa uliianzisha mwishoni mwa 2012, malengo ya maendeleo ya milenia yakiwa yamebakiza miaka mitatu kufikia ukomo, ili maoni ya watu yasaidie kuandaa malengo mapya ya dunia.

Malengo manane ya milenia yalizaliwa kwa namna nyingine kabisa. Mark Malloch-Brown, aliyekuwa mkuu wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, alisimulia baadaye jinsi kikundi kidogo kilivyoyaandaa katika chumba cha chini makao makuu ya umoja huo, New York. Waraka ulikuwa umeshapelekwa kuchapwa alipokutana koridoni na mkuu wa shirika la mazingira, lile lenye makao Nairobi. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa mazingira yamesahauliwa! Ikabidi warudi haraka kuyaongeza. Ikiwa jirani wa koridoni alikaribia kusahauliwa, mvuvi na mkulima wangekumbukwa na nani?

Safari hii watu waliulizwa. Yalifanyika mashauriano katika nchi zaidi ya 80, na kura ikakusanya majibu karibu milioni 10. Wengi walijibu kwa karatasi, zilizopelekwa kwa mikono na vijana wa kujitolea na vyama vya kiraia mpaka kusikofika intaneti. Elimu ilishika nafasi ya kwanza, ikifuatiwa na afya, kisha ajira. Serikali adilifu na sikivu ikawa ya nne. Mabadiliko ya tabianchi yalikuwa ya mwisho.

Kazi ya kuandika malengo mapya ilibaki mikononi mwa serikali. Balozi Macharia Kamau wa Kenya na mwenzake Csaba Kőrösi wa Hungary waliongoza kikundi kazi kilichotoa malengo 17 ya maendeleo endelevu mwaka 2014, yakapitishwa Septemba 2015. Lengo la 16 linadai taasisi zinazowajibika, jambo ambalo malengo ya milenia hayakuwa nalo. Tabianchi nayo ilipewa lengo lake, la 13, na ilistahili, ijapokuwa kura ziliiweka mkiani.

Kura hizo, hata hivyo, zilikuwa ushauri tu. Hakuna serikali iliyofungwa nazo. Kasoro hiyo ni kubwa, kwa sababu anayeulizwa ana haki ya kurudishiwa jibu.

Malengo ya sasa yanafikia ukomo 2030, na mwaka 2027 viongozi wamepanga kukutana kujadili yatakayofuata. Karatasi zianze kusambazwa mapema, na safari hii watakaozijaza warudiwe na kuelezwa maoni yao yamefikia wapi.