Chombo Kisichoingia Maji

Kopo la kwanza lilikuwa la maziwa ya unga, la bati, na lilidumu masika moja tu. Nilipolirudia mwezi Juni kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania kwa kutu, na daftari nililoweka ndani lilikuwa limegeuka uji. Pwani ya Kilwa haina huruma na bati. Mvua ina msimu wake, lakini chumvi huja na upepo hata siku isiyo na wingu.

Nilikuwa najaribu kuanzisha jiokashi Kilwa Kivinje. Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha chombo chenye daftari na kalamu, anatangaza vipimo vya ramani vya mahali hapo, na wengine wanakitafuta kwa simu. Anayekipata anaandika jina lake na kukirudisha kilipokuwa. Mchezo ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Tarehe 3 ya mwezi huohuo Dave Ulmer aliacha ndoo ya plastiki msituni huko Oregon, ndani yake vitabu, manati na kopo la maharage. Nilitaka wageni wanaopita Kivinje wakikimbilia magofu ya Kisiwani washuke, watembee kidogo kati ya nyumba za zamani na boma la Mjerumani linalobomoka.

Wachezaji wa Marekani husifu masanduku ya chuma ya risasi za jeshi, yenye mpira kwenye kifuniko. Hebu jaribu kutembea Lindi na sanduku la risasi begani, halafu ueleze kituo cha polisi kwamba unacheza.

Chombo cha pili kilikuwa kopo la siagi la plastiki, nimelivika rambo mbili za akiba ya mama mdogo, maana rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Jua lilipasua kifuniko. Na hata kabla hakijapasuka, daftari lilikuwa na ukungu. Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mwenye jiko pwani analijua: ukifunga chombo mchana wa joto, umefunga na unyevu ndani yake, na usiku ukipoa kinatoa jasho. Ndiyo maana kikopo cha chumvi hutiwa punje za mchele.

Jibu nililipata katika kusoma, si dukani. Nilikuwa nasoma habari za Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio waliouongoza, na msimamizi wa wachimbaji, ambaye jina lake limechelewa sana kuingia vitabuni, ni Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa. Hakukuwa na reli wala gari. Wapagazi walibeba mizigo vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Ugumu wao ulikuwa kama wangu, ila mkubwa mara elfu. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 huweza kumeng'enyuka mikononi. Unahitaji chombo kigumu, chepesi, cha bei ndogo, kitakachovumilia mabega ya watu, mvua na bahari. Walichotumia kwa sehemu kubwa ni mianzi. Fito za mianzi zilipangwa kuuzunguka mzigo na kukazwa kwa kamba, kama anavyosuka mtu dema la kuvulia samaki.

Baadhi ya mizigo hiyo ya mianzi iko Berlin mpaka leo, haijafunguliwa. Watafiti wameichungulia kwa mashine za kupiga picha za ndani, zile za hospitali, bila kukata kamba. Zaidi ya miaka 100! Nilisoma hayo nikalitazama kopo langu la siagi kwa aibu.

Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kipande cha bomba la plastiki, urefu wa dhiraa moja, na vifuniko viwili. Kimoja nilikigandisha kwa gundi, cha pili kikawa cha kuzungusha, nikakipaka mafuta mazito ya gari. Ndani niliweka vile vifuko vinavyokuja na viatu vipya. Nikakiloweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Chote kilinigharimu chini ya sahani mbili za wali na samaki. Kwa chombo, nilikuwa nimemaliza.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya ukuta wa zamani, nikitafuta ufa, mzee mmoja aliponisimamia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unazika nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza mchezo wote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukikiweka hapo, wiki ijayo huu ukuta haupo."

Alikuwa anasema kweli, nami niliyesoma historia nilipaswa kuliona mapema. Tanzania nzima watu hufukua misingi ya maboma, chini ya minara, hata makaburi, wakitafuta mali ya Mjerumani. Tumezoea kuwacheka. Lakini mtu wa Lindi ana sababu ya kuamini. Babu yake alishuhudia: Wajerumani walikuja, wakachimba, wakatoa ardhini vitu wasivyovieleza kwa wenyeji kwa kina, wakavifunga ndani ya mianzi na masanduku, wakavipakia melini. Na vilikuwa na thamani kweli. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin tangu 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Anayechimba chini ya boma leo amekosea mahali na kitu chenyewe. Kuhusu vyombo vilivyofungwa na wageni, hakukosea.

Na hii ni Kivinje, penye Mwembe Kinyonga, ambapo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Nami nilikuja na bomba lililozibwa pande zote, nikalichomeka ukutani bila kumwambia mtu, kisha nikatangaza mahali lilipo kwa watu wa Ulaya na Marekani. Nilitumia miezi nikiwazia maji yasiingie ndani. Walioko nje sikuwawazia hata siku moja.

"Sasa nifanyeje, babu?"

"Nipe mimi."

Sasa vipimo vya ramani vinampeleka mchezaji kwenye baraza la nyumba ya mzee. Atoe salamu, aketi, aulizie bomba. Liko nyuma ya mtungi wa maji. Kwa kanuni za mchezo sina hakika kama hiyo inahesabika kuwa kuficha. Daftari lina majina tisa. La kwanza ni la mzee mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, na chini yake wajukuu zake wanne.