Moto Usio na Mwenyewe Hukausha Chemchemi

Mto Malagarasi una safari ya ajabu. Unaanzia katika milima ya mpakani mwa Tanzania na Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, na mtu asiyeujua angedhani maji yake yangeteremka moja kwa moja hadi ziwani. Lakini mto huo hulipa ziwa kisogo. Huelekea kaskazini mashariki na kuwa mpaka wa nchi mbili, hugeukia kusini katika nchi ya Kibondo na Kasulu, huingia katika vinamasi vya Moyowosi, kisha hurudi magharibi kupitia Uvinza na kumwaga maji katika ziwa lile lile ulilolikimbia. Ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 400.

Ndugu msomaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu moto, wala sijapotea njia kwa kuanza na mto. Katika nyanda za juu za Manyovu, ambazo hadi 2012 zilikuwa chini ya Wilaya ya Kasulu na sasa zimo katika Wilaya ya Buhigwe, habari ya moto na habari ya maji ni habari moja. Atakayezitenganisha hatapata jawabu la yoyote kati ya hizo mbili.

Hebu tutazame jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba, zikaendelea hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi. Majani marefu yaliyostawi kwa mvua hukauka kidogo kidogo, na ifikapo Septemba kilima kizima ni kama ghala la makuti. Hapo huja mkulima anayesafisha shamba, mwindaji anayetaka kumwona mnyama, mchungaji anayetafuta majani mabichi kwa ng'ombe wake, mrina asali mwenye mwenge wake, au mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila mlinzi. Kila mmoja ana sababu yake, na moto ukishatoka mikononi mwake hauna habari na sababu hiyo.

Moto huo wa mwisho wa kiangazi huteketeza majani yaliyodondoka, yale ambayo yangelifunika udongo. Mvua ya kwanza inaponyesha, matone hupiga ardhi iliyo uchi. Maji hayapati nafasi ya kuzama. Huteremka kwa kasi yakibeba udongo, na mto hujaa matope kwa siku chache. Lakini chemchemi hulishwa na maji yaliyozama taratibu, na yasipozama, chemchemi hupungua. Kiangazi kinachofuata bonde ambalo lilikuwa bichi huwa limekauka, na bonde kavu halizuii moto. Kwa hiyo moto huleta ukavu, na ukavu huita moto mwingine.

Baadhi yetu tunaoishi mijini hudhani kwamba haya ni mambo ya watu wa vijijini. Sivyo. Mwishoni mwa 2022 wakazi wa Dar es Salaam waliingia katika mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua mno. Mji mkubwa kuliko yote nchini ulijikuta ukitazama vilima vya mbali na kuuliza kulikoni. Huko Kigoma, mradi wa umeme wa Malagarasi katika maporomoko ya Igamba umepangwa kutoa megawati 49.5. Maji ya kuzungusha mitambo hiyo hutoka katika vilima na vinamasi tunavyovizungumza. Vinamasi hivyo vya Malagarasi na Muyovozi, vyenye zaidi ya hekta milioni 3, ndivyo vya kwanza vya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mnamo 2000. Anayewasha kiberiti kilimani anagusa taa ya mtu asiyemjua.

Sasa tuulize swali la historia. Je, wakazi wa Buha ni watu wasiojali ardhi yao? Maneno hayo yamesemwa tangu enzi za wakoloni, na kwa hakika si ya haki. Katika tawala za zamani za Waha, kama Heru na Muhambwe, chini ya Mwami walikuwako wateko, wazee waliohusika na ardhi na matambiko yake. Kilima kilikuwa na mtu anayejulikana, na anayejulikana huulizwa. Nyumba zilizungukwa na migomba, na shamba la migomba lenye unyevu na kivuli si rahisi kuungua. Watu waliishi wametawanyika, kila ukoo na upande wake, na mifugo yao ikala majani kabla hayajawa makavu.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa awamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki nzima. Mifugo ilipotoweka vichaka vilisogea, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Katika miaka ya 1930, serikali ya Kiingereza ilipoona malale yanaenea katika Buha, iliwahamisha watu kwa maelfu kutoka katika vilima na mabonde yao na kuwakusanya katika makazi maalumu. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na ni kweli kwamba malale yaliua. Lakini ardhi waliyoiacha haikubaki ikiwasubiri. Pori liliota mahali pa mashamba, mbung'o wakastawi, na moto wa kiangazi ukapata uwanja usio na mtu wa kuuzuia. Mtaalamu John Ford, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu ugonjwa huo, alieleza kwa kirefu jinsi kuwaondoa watu kulivyoweza kumpa mbung'o nchi mpya.

Wakati huo huo vijana wa Kigoma walikuwa wakichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Kazi za kutunza ardhi zikabaki kwa akina mama, wazee na watoto. Kisha, baada ya Uhuru, ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini. Shule, zahanati na maji ya bomba yalikusudiwa kuwafikia watu kwa urahisi, na wapo waliofaidika. Lakini kwa mara ya pili katika muda wa miaka 40, kilima kilitenganishwa na mtu wake. Shamba la karibu na kijiji lilichoshwa kwa kulimwa kila mwaka, na la mbali likawa pori la kila mtu, maana yake pori la kutojaliwa na yeyote.

Halafu ikaja mikasa ya majirani zetu. Wakimbizi kutoka Burundi walivuka mpaka 1972, wakavuka tena kwa wingi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na tena 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikahifadhi zaidi ya watu 100,000. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya 2015. Mtu aliyekimbia risasi hawezi kulaumiwa kwa kutafuta kuni za kupikia uji wa watoto. Lakini ni dhahiri kwamba watu wengi kiasi hicho wakikusanywa mahali pamoja, miti ya karibu itakwisha, na wao wala wenyeji hawatakuwa na sauti ya kutosha juu ya pori linalowazunguka.

Ukitazama mfululizo huo wote, utaona jambo moja. Makazi ya malale, umanamba, vijiji na kambi, kila kimoja kwa sababu yake, vilimwondoa mwenye kilima juu ya kilima chake. Moto wa Manyovu na Kibondo umekuwa mkali kwa sababu umekosa mwenyewe.

Je, serikali haikuonya? Ilionya sana. Wasikilizaji wa siku nyingi watakumbuka kampeni za elimu kwa njia ya redio: "Mtu ni Afya" ya 1973, "Chakula ni Uhai" ya 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 "Misitu ni Mali". Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza, wakajadiliana. Kampeni hizo zilifanya kazi nzuri. Hata hivyo, "Misitu ni Mali" iliacha swali ambalo redio peke yake isingeweza kulijibu: mali ya nani? Mkulima alijua kwamba msitu ni wa serikali, na kwamba akiulinda leo, kesho mwingine atapewa kibali cha kuuvuna.

Wakoloni nao walijaribu amri. Mwaka 1955 wananchi wa milima ya Uluguru waliasi dhidi ya mpango wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya kuhifadhi udongo. Matuta yenyewe hayakuwa ujinga, kwani makinga maji hufaa katika sehemu nyingi. Kilichokataliwa ni kazi ya kulazimishwa juu ya ardhi yao bila wao kuulizwa.

Tulinganishe na yaliyotokea Shinyanga. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Badala ya kuleta elimu ngeni tupu, mradi ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili itumike kiangazi. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, awe mtu au kijiji, na sheria za jadi za kumwadhibu anayeichoma au kuingiza ng'ombe. Ngitili zilizokuwa hekta takribani 600 ziliongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 katika muda usiozidi miaka 20. Miti mingi iliota yenyewe kutoka katika visiki, kwa kuwa ililindwa.

Kuhusu moto wenyewe, wataalamu walipata somo zamani. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianzishwa katika miaka ya 1930 kwenye misitu ya miombo kama hii ya kwetu. Sehemu moja ilichomwa mapema kiangazi, nyingine mwishoni mwa kiangazi, na nyingine haikuchomwa kabisa. Iliyochomwa mwishoni, mwaka baada ya mwaka, ilipoteza miti yake mikubwa na kuelekea kuwa mbuga ya majani. Iliyochomwa mapema, wakati majani bado yana ubichi na moto ni mdogo, ilibaki msitu. Kwa hiyo tarehe ya kiberiti ni jambo kubwa. Moto wa Juni unaosimamiwa na watu wenye matawi mabichi mikononi unaweza kuwa kinga dhidi ya moto wa Septemba.

Na mlima wetu mrefu umetufundisha upande wa maji. Oktoba 2020 moto uliunguza karibu kilomita za mraba 95 za Kilimanjaro. Miaka 15 kabla ya hapo, mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alikuwa ameonyesha kwamba misitu ya juu ya mlima hukamata maji ya ukungu, na kwamba hasara ya maji inayotokana na misitu hiyo kuungua ni kubwa kuliko inayotokana na kuyeyuka kwa barafu ambayo dunia nzima inaililia.

Basi tufanye nini? Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga na kumiliki msitu wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kinachohitajika ni kijiji cha Manyovu kujua kwa hakika kwamba kilima fulani ni chake, mapato yake ni yake, na moto ukiwaka pale ataulizwa yeye. Mwenye mizinga ya nyuki hataki moto wa Septemba. Mwenye kahawa hataki chemchemi ikauke. Hao ndio walinzi wa kwanza, wala hawahitaji sare.

Kazi zenyewe zinajulikana. Kuchoma mapema kwa makubaliano, kusafisha mikanda ya kuzuia moto kuzunguka mashamba na nyumba, kuchimba makinga maji kwenye miteremko, kuweka matandazo chini ya kahawa na migomba badala ya kuyachoma, na kupanda miti ya asili kando ya chemchemi. Mikaratusi inafaa kwa nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi na majani yake yana mafuta yanayoshika moto upesi. Isipandwe karibu na chanzo cha maji wala na nyumba.

Nasi wa mijini tunalo fungu letu. Mkaa tunaonunua umetoka katika pori la mtu. Bomba linalovuja uani, tukiliacha wiki nzima, linadai maji zaidi kutoka mto ule ule. Na bei ya ankara ya maji ingefaa ifike, japo sehemu yake, kwa wale wanaotunza mahali maji yanakozaliwa. Haiwi haki kumwomba mtu wa Manyovu alinde kilima kwa ajili ya taa na bomba letu, halafu tukampa hotuba peke yake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya Malagarasi bado hayajamwagika yote. Kiangazi kingine kitakuja, na kabla majani hayajakauka kila kijiji kinaweza kukaa mkutano mmoja na kujibu swali moja tu: kilima hiki, mwenyewe ni nani?