Kichwa, Metali na Mawimbi: Kofia ya Foili Ikitazamwa kutoka Rulenge

Kofia ya foili, yaani kofia inayofinyangwa nyumbani kwa karatasi nyembamba ya alumini ileile ambayo wachoma nyama na wauza chipsi hufungia vyakula vyao, imekuwa duniani alama ya mtu anayeamini kwamba kuna wakubwa wanaorusha mawimbi ili wamsome mawazo au wamtawale, na chimbuko lake hutafutwa kwa kawaida katika miji ya Marekani. Hata hivyo, mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa yanayoitaja kinga hiyo yaliiweka Afrika. Mwaka 1926 Julian Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alichapisha hadithi fupi iitwayo "The Tissue-Culture King", ambayo mwaka uliofuata ilichapishwa tena katika jarida la Marekani la Amazing Stories. Humo mwanasayansi wa Kizungu aliyetekwa katika ufalme wa Kiafrika wa kubuni, chini ya mfalme aitwaye Mgobe, anagundua namna ya kuunganisha akili za watu wengi na kuzielekeza kwa amri moja isiyosemwa kwa mdomo, naye na mwenzake wanajikinga na nguvu hiyo kwa kofia za karatasi ya metali wanapotoroka.

Huxley aliandika hayo kabla ya ziara yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1929, iliyohusu elimu katika makoloni na kuzaa kitabu chake Africa View cha mwaka 1931. Kwa hiyo ufalme wa Mgobe ni wa kufikirika mtupu, na haufanani sana na falme halisi za ukanda wa Maziwa Makuu zaidi ya kuwa na mfalme mtukufu na makuhani wake. Ni haki kusema kwamba hadithi hiyo ilikuwa onyo kwa Ulaya, iliyokuwa ikianza kuonja nguvu ya propaganda na ya redio, na kwamba Afrika ilitumika kama pazia la jukwaa tu. Lakini msomaji wa magharibi mwa Tanzania anaweza kuligeuza swali na kuuliza jinsi watu wa ukanda huo, waliokuwa na historia ndefu ya metali na ya mavazi ya kichwa yenye nguvu, walivyoyafikiria mambo yanayokiingia kichwa cha binadamu kutoka nje.

Rulenge iko kusini mwa mji wa Ngara, katika nchi ya Washubi, kati ya Bugufi ya Wahangaza kwa upande mmoja na nchi ya Biharamulo kwa upande mwingine. Chuma si kitu kigeni katika ukanda huo: upande wa Ziwa Viktoria, huko Buhaya, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka elfu mbili, nako Karagwe watawala walitunza miongoni mwa alama za enzi yao nyundo na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Metali hapo ilikuwa dalili ya utawala na ya ustadi wa mhunzi. Kazi ya kukikutanisha kichwa na nguvu zisizoonekana ilifanywa na vitu vingine, hasa simbi, yaani kauri zilizoletwa na misafara kutoka Bahari ya Hindi, pamoja na shanga.

Katika ibada ya kubandwa, ambayo ilienea kutoka Bunyoro hadi Burundi na ambayo kiini chake ni mtu kupandwa na pepo mkubwa na kunena kwa sauti yake, waliokwisha kuingizwa walivaa taji au vilemba vilivyopambwa kwa simbi na shanga. Pepo hao walikuwa na majina yao: Wamara na Mugasha katika falme za ziwa, Ryangombe kwa Wanyarwanda, Kiranga kwa Warundi. Hapo ndipo tofauti na kofia ya foili inapojitokeza, kwa kuwa mvaaji wa taji la simbi alikuwa akimkaribisha mgeni kwa utaratibu uliojulikana na mbele ya watu waliomfahamu, ilhali mvaaji wa foili huwa peke yake akimfungia mlango. Wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe, ambao kazi yao ndiyo iliyozaa majimbo Katoliki ya Kagera, likiwamo lililopewa jina la Rulenge mwaka 1960, waliipinga kubandwa vikali, wakaiona ni ushirikina.

Tukirudi kwenye foili yenyewe, karatasi ya alumini ni kitu cha karne ya ishirini. Kiwanda cha kwanza cha kuitengeneza kwa vinu kilianza Uswisi mwaka 1910. Upande wake mmoja hung'aa na mwingine hufifia kwa sababu tu karatasi mbili hupitishwa pamoja katika kinu cha mwisho, hivyo ubishi wa kujua upande gani uelekezwe nje hauna maana. Kama kinga, kofia hiyo ina kasoro kubwa zaidi: metali huzuia mawimbi ya redio inapokizunguka kitu pande zote, lakini kofia iko wazi chini, na wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani walioipima mwaka 2005, kwa nusu mzaha, waliona kwamba masafa fulani ya mawimbi yaliongezeka nguvu ndani yake badala ya kupungua.

Ngara, hata hivyo, imewahi kushuhudia maneno ya hewani yakigeuka msiba, na si katika hadithi. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Rwanda mwaka 1993, kilichochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwaka 2003. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani Ngara ndani ya takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Miongoni mwao walikuwamo baadhi ya waliotenda mauaji. Katika hali hiyo hofu ya sauti inayosafiri angani na kuziteka akili za watu haikuwa wazimu hata kidogo. Ilikuwa na ushahidi wa maiti zilizoelea katika mto Kagera.

Dawa iliyopatikana haikuwa ya kuziba masikio. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara kituo cha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini, ili wakimbizi wapate habari za kweli na watafutiwe ndugu waliopotezana nao. Serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka 1996, na baada yao kituo kiliendelea kurusha matangazo, sasa kikiwahudumia pia wenyeji wa Ngara na wilaya za jirani.