Saa 72: historia ambayo Masisi na Walikale hatukufundishwa

Mimi ni mutu wa agronomi. Mbegu inaota kisha siku ngapi, hiyo najua. Lakini nilimaliza lisanse bila kujua saa 72 ni nini. Ndiyo maana naandika.

Inchi yetu ilijua SIDA mapema. Mwaka wa 1984, Projet SIDA ilianza Kinshasa, ku hopitali Mama Yemo, chini ya Dokta Jonathan Mann. Mwaka wa 1987 Franco akaimba "Attention na SIDA". Lakini 1991 wanajeshi wakapora Kinshasa, ile kazi ikasimama. Na 1993 vita ikawaka huku kwetu Masisi. Maarifa yalibaki mbali, sisi tukawa tunakimbia na magodoro kichwani.

Kisha ikaja kasiterite. Miaka ya 2000, Bisie kule Walikale ilivuta vijana wengi. Ulifika kwa miguu, kupita pori. Pesa ya haraka, mbali na wazazi, mbali na hopitali.

Halafu Luvungi. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, makundi ya silaha yalishika vijiji 13 vya Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu batu 387 au zaidi waliobakwa. Sasa, dawa ya PEP inayozuia VVU lazima ianze mbele ya saa 72, na inamezwa siku 28. Tufanye hesabu: aliyebakwa siku ya kwanza, muda wake uliisha ao ulikaribia kuisha wakati wale wangali kijijini.

Mwaka wa 2020, mahakama ya kijeshi Goma ilimuhukumu Sheka, mkubwa wa kundi mmoja, kifungo cha maisha. Haki ilikuja kisha miaka kumi. Dawa haingoje hata siku ine.

Wazazi wanasema kufundisha mambo ya mwili ni kufundisha uasherati. Hapana. Binti mwenye kujua saa 72 anaenda kwa muganga siku ile ile, hangoje familia zipatane juu ya mbuzi. Kijana mwenye kujua anavaa kapote, anapima damu. Na sheria ya 2008 inalinda siri ya mwenye VVU na inakataza kumubagua.

Ukirudi nyumbani vakansi hii, usilete diplome tu. Keti na wadogo zako, uwaambie hiyo namba: 72.