Vaibreta kwa anayeanza: kuchagua, kutumia na kutunza

Maelezo haya ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea.

Maswali kuhusu vaibreta hatuyapati kwa sauti. Katika kipindi cha afya ya uzazi wasikilizaji hupiga simu kuuliza kuhusu sindano za uzazi wa mpango, kuhusu fangasi, hata kuhusu mume asiyerudi nyumbani. Hili huja kwa ujumbe mfupi, usiku, likiwa na maneno "tafadhali msinitaje". Anayeuliza ni mjane, au mama ambaye mumewe yuko machimboni mwaka wa pili, au aliyekwisha koma hedhi, au dada mtu mzima ambaye kwa sasa hataki mwanamume. Hewani hatuwezi kulijibu lote, maana redio hiyo hiyo inasikilizwa na watoto, na baba mkwe yuko hapo barazani. Ndiyo maana tumeliandika, ulisome mwenyewe kwenye simu yako.

Vaibreta ni kifaa chenye mota ndogo inayotetemeka. Mtu hukitumia kujistarehesha mwenyewe, bila mwenzake. Kipo cha ukubwa wa kidole, kipo kinachofanana na kipaza sauti chenye kichwa cha duara, na kipo kirefu cha kuingia ukeni. Kwa anayeanza, hicho kidogo kinatosha.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kifaa ndicho cha kigeni, hilo ni kweli. Daktari mmoja Mwingereza, Joseph Mortimer Granville, alitengeneza mashine ya umeme ya kutetemesha katika miaka ya 1880, na yeye aliikusudia kwa maumivu ya misuli na mishipa ya fahamu. Lakini kumfundisha mwanamke mwili wake na raha yake hakukuletwa na meli. Kungwi na somo wanajulikana pwani na kusini mwa Tanzania, ssenga anajulikana Uganda, na Rwanda wana kunyaza, namna ya kumpapasa mwanamke kwa nje ambayo wazee waliwarithisha vijana. Kama dini yako imekuelekeza vingine, hilo ni lako na kiongozi wako wa dini. Sisi hapa tunaeleza usalama.

Mwili kwanza

Wengi wanaotuandikia wanadhani kifaa hiki lazima kiingizwe. Si lazima, na kwa wengi sehemu ya ndani siyo yenye hisia nyingi. Sehemu hiyo ni kisimi, wengine hukiita kinembe, kilicho juu ya tundu la mkojo pale mashavu madogo ya uke yanapokutana. Kinachoonekana kwa nje ni kidogo kama punje ya harage. Kilichobaki kiko ndani. Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa Australia, alichapisha mwaka 1998 utafiti ulioonyesha kwamba kisimi kina mwili mkubwa chini ya ngozi, na matawi yanayoshuka pande mbili za uke. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walihesabu nyuzi za fahamu zinazokihudumia wakakuta zaidi ya 10,000.

Hapo utaelewa kwa nini mama anaweza kuishi katika ndoa miaka 20, ana watoto watano, na hajawahi kufika kileleni. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake zaidi ya 1,000, karibu 18 tu kati ya kila 100 walisema kuingiliwa peke yake kunawatosha. Wewe si mgonjwa wala si mbovu.

Kununua: hapa ndipo penye hatari

Ukituuliza hatari kubwa ya vaibreta iko wapi, hatutasema kwenye mtetemo. Iko kwenye bidhaa yenyewe. Sheria za kanuni ya adhabu za Tanzania na Kenya zina vifungu vinavyokataza biashara ya vitu vinavyohesabiwa kuwa vya aibu au vya kuharibu maadili, pamoja na kuviingiza nchini kwa biashara hiyo. Kwa hiyo vifaa hivi huuzwa kwa kificho, kwa namba ya simu na picha, vikaletwa na bodaboda kwenye mfuko mweusi. Hakuna wa kukikagua, na ukikuta kibovu hutamrudia muuzaji wala kwenda kulalamika popote. Hayo uyajue kabla hujatuma pesa. Na usikubali kuwa wakala wa kuwauzia wenzako eti kwa sababu faida ni nzuri.

Muulize muuzaji kimetengenezwa kwa nini. Jibu unalotaka ni silikoni au plastiki ngumu. Vitu hivyo havina vitundu vidogo vya kuficha vijidudu, na vinasafishika. Unachokiogopa ni kile laini kama jeli, chenye rangi za kung'aa, kinachonatanata mkononi na kunuka kama ndala mpya za plastiki. Mara nyingi plastiki ya namna hiyo imelainishwa kwa kemikali ziitwazo ftaleti, ambazo Umoja wa Ulaya umezibana hata kwenye midoli ya watoto. Pia ina vitundu, kwa hiyo uchafu hujificha humo hata baada ya kuosha. Muuzaji anaweza kuandika "silikoni" kwenye boksi na ndani pasiwe na silikoni, hivyo pua yako ndiyo mkaguzi wa kwanza. Kikinuka vikali, kitupe, hata kama umelipia. Papasa pia kwa kidole mahali vipande viwili vilipounganishwa. Ukingo wenye ncha unakwaruza.

Angalia namna kinavyopata umeme. Cha kuchaji kwa waya kama wa simu ndicho bora, kwani unaweza kukitia kwenye sola ya nyumbani au pawabenki. Kibanda cha kuchajia simu hakifai, na tatizo la pale si umeme, ni macho. Vile vidogo sana hutumia betri za mviringo kama za saa. Nyumba yenye watoto tunashauri uviepuke kabisa, maana mtoto akimeza betri ile inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache. Na kwa nyumba zetu za bati na kuta nyembamba, kiwashe kwanza chini ya blanketi usikie kelele yake.

Usitafute mbadala jikoni. Tango na karoti hukatika na huja na dawa za shamba, chupa inaweza kuvunjika au kunasa, na mswaki wa betri haukutengenezwa kwa ngozi ile. Wapo wanaotumia mtetemo wa simu. Simu imeshikwa sokoni, kwenye daladala na chooni, na huwezi kuiosha kwa sabuni.

Mara ya kwanza

Chagua siku ambayo huna haraka na mlango unafungika. Nenda haja ndogo, nawa mikono, osha kifaa. Kiwashe kwenye kiganja kwanza uzoee mtetemo wake, kisha juu ya paja. Anza na kasi ya chini kabisa. Kasi kubwa mwanzoni ni kosa la kawaida. Ngozi ya pale ni nyepesi, na badala ya raha unapata maumivu au ganzi.

Usikiweke moja kwa moja juu ya kisimi. Weka kwa pembeni, au juu ya chupi, au juu ya kanga iliyokunjwa mara mbili, ili nguvu ipungue. Kisogeze polepole na usikilize mwili unasema nini. Mwanamke mmoja hupendelea upande wa kushoto, mwingine anataka pande zote, mwingine hataki kabisa pale tulipotaja. Dakika 10 au 15 zinatosha. Ukihisi ganzi, zima na upumzike. Kwa kawaida hisia hurudi. Usipofika kileleni siku hiyo, hakuna kilichoharibika. Wengine huchukua majaribio mengi, hasa kama tangu utoto waliambiwa pale ni pachafu.

Tumia kilainishi. Kinachofaa kifaa cha silikoni ni kile chenye asili ya maji, kama KY Jelly, na maduka mengi ya dawa mjini wanacho. Kilainishi cha silikoni kinaweza kuharibu kifaa cha silikoni. Mafuta ya kupikia, losheni na mafuta ya mgando tunayojipaka hayafai ukeni. Yamehusishwa na maambukizi, na yanaharibu kondomu za mpira. Mate hukauka upesi.

Kuingiza, kama utataka, kuje baadaye, mwili ukiwa umelainika wenyewe, na kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usisukume penye maumivu. Njia ya haja kubwa ni habari nyingine kabisa: kitu kisicho na kitako kipana hupotelea ndani na kukupeleka chumba cha upasuaji. Na kilichogusa nyuma kisirudi mbele kabla ya kuoshwa kwa sabuni, kwani hapo ndipo maambukizi ya njia ya mkojo yanapoanzia.

Wanaouliza kuhusu bikira tunawajibu kwamba matumizi ya nje hayafiki huko.

Mjamzito ambaye mimba yake haina tatizo anaweza kutumia kwa nje. Kama kuna damu, chupa imepasuka, au umeambiwa kondo la nyuma limeshuka, acha na umuulize mkunga. Baada ya kujifungua usiingize chochote mpaka upone, na wengi huhitaji kama wiki sita.

Kuosha na kuficha

Osha kabla na baada kwa maji na sabuni isiyo na manukato makali. Kama hakijaandikwa kwamba kinazamishwa majini, tumia kitambaa chenye povu, kisha kingine cha maji safi, ukikinga sehemu ya chaji. Usikichemshe, mota itakufa. Kikaushe hadi kiwe kikavu kabisa ndipo ukitie kwenye mfuko wa pamba. Mfuko wa nailoni hubana unyevu.

Usiazimane. Tumeulizwa hili na mashoga wawili waliotaka kuchanga fedha wanunue kimoja. Jibu ni hapana: magonjwa ya zinaa, pamoja na kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, yanaweza kupita hapo.

Tunayoulizwa zaidi

Je, kitaua hisia zangu nisimhitaji tena mume? Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wanawake zaidi ya 2,000 waliulizwa, na zaidi ya nusu walikuwa wamewahi kutumia vaibreta. Kati ya waliotumia, 71 katika kila 100 walisema hawajawahi kupata dalili yoyote mbaya sehemu za siri. Ganzi ya kudumu si jambo la kutarajia. Kinachoweza kutokea ni kuzoea njia moja tu. Badilisha, tumia mkono siku nyingine. Kuhusu mume, hofu yake ya kushindanishwa na mashine tunaielewa, na mama mwenyewe ndiye anayejua kama nyumba yake inastahimili mazungumzo hayo. Wapo waliowaambia waume zao wakaishia kujifunza pamoja. Tusimdanganye mtu: wapo pia waliopigwa. Kama unajua yako ni nyumba ya namna hiyo, kukaa kimya si dhambi.

Mimi nilikeketwa, kuna faida gani? Hili ndilo swali lililotufanya tuandike makala hii ndefu. Takwimu za afya za Tanzania za 2015-16 zilionyesha mwanamke 1 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 amekeketwa, na Manyara zaidi ya nusu. Kenya mwaka 2022 walikuwa 15 kati ya 100. Wengi wao waliambiwa kilichokatwa kimekwisha. Lakini rudi kwenye alichoonyesha O'Connell: ngariba hukata kilicho nje, na sehemu kubwa ya kisimi imebaki chini ya kovu. Wanawake wengi waliokeketwa wanahisi raha na wapo wanaofika kileleni. Mtetemo mdogo kwa nje, kupitia nguo, unaweza kukuonyesha ni wapi hisia zimebaki. Nenda taratibu kuliko mwingine yeyote. Kovu likiuma, kuvimba au kupasuka, acha. Na aliyeshonwa asijaribu kuingiza kitu. Aanze na mhudumu wa afya, kwani kufunguliwa ni kazi ya hospitali.

Nimekoma hedhi na ni mkavu, kitanisaidia? Raha kinaweza kukupa, ukitumia kilainishi kingi. Ukavu wenyewe una tiba yake, ikiwemo krimu ya homoni anayoandika daktari.

Nenda kituo cha afya ukiona kidonda kisichopona, usaha, harufu isiyo ya kawaida, au maumivu wakati wa kukojoa. Kitu kikinasa ndani, usikivute kwa koleo wala waya, nenda siku hiyo hiyo. Na damu baada ya kukoma hedhi, au damu inayorudi kila unapotumia kifaa, isisingiziwe kifaa. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, na tunawajua akina mama waliokaa nayo miezi kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wanafanya nini. Si lazima ulitaje neno vaibreta. Mwambie nesi: "Natokwa na damu ukeni, naomba kupimwa mlango wa kizazi." Maneno hayo yanatosha kuanzia.